Koti Limeazimwa

Wajukuu zangu wakiitwa kwenye usaili huja kwanza kuniuliza wafanyeje ili wapendeze machoni pa mabosi. Wanadhani kwa kuwa nilikaa kazini miaka mingi, basi nina dawa. Nami nawaambia wapige pasi, wawahi, wasijikune mbele za watu. Wakishaondoka najisikia vibaya mpaka chai inanishinda. Mke wangu akiniuliza kulikoni, namwambia ni gesi tumboni. Si gesi.

Enzi za Mwingereza neno usaili hatukulijua. Tulisema fulani ameenda kuonekana, na kweli ilikuwa hivyo, Mzungu anakutazama juu mpaka chini kama anunuaye mbuzi, kisha anasema ndiyo au hapana. Mimi nilikwenda kuonekana kwenye ghala moja la kahawa pale Arusha mjini, karibu na stesheni ya reli. Walitaka makarani wawili wa mizani, watu wa kupima kahawa ya wakulima na kuandika uzito wake. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mama alibaki na kishamba cha kahawa na migomba upande wetu wa mashariki wa Mlima Meru, na wadogo zangu walikuwa wamesimama shule wakisubiri nipate kazi ndipo waendelee. Kwa hiyo sikuwa naenda kujaribu bahati. Nilikuwa naenda kupata.

Mwalimu wangu wa shule ya misheni alinifunza jioni kadhaa mfululizo. Alijifanya Mzungu, akakaa nyuma ya meza akakunja uso, akaniambia nimtazame machoni. Nyumbani kijana aliyemtazama mkubwa machoni alipata kofi, kwa hiyo nilichukua muda kuizoesha shingo. Akanifunza nisikae kabla sijaambiwa, nisijibu "labda", na nikiulizwa jambo nijibu mara moja, kwa kuwa Mzungu humwona anayefikiri kuwa anatunga uongo. Somo hilo la mwisho ndilo lililoniponza.

Asubuhi ya siku yenyewe nilishuka mlima pekupeku. Shati nililifunga kwenye jani la mgomba, maana ilikuwa masika na njia ilikuwa tope tupu. Nilipokaribia mji nikanawa miguu mtoni, nikavaa shati, nikavaa viatu vya marehemu baba, nikajiona bwana mkubwa. Sikufika mbali. Lori la mashamba ya walowezi lilipita kwenye dimbwi, na tope lote likaishia kifuani pangu. Nilijaribu kulifuta, nikalipaka zaidi. Nilifika ghalani nikiwa natamani kulia, na mtu mzima halii barabarani.

Kwenye veranda palikuwa na benchi la wasubiri. Wengi waliingia na kutoka upesi, nyuso zao zikieleza habari zote. Mwishowe tulibaki wawili, mimi na kijana mrefu, Mwarusha wa upande wa magharibi wa mlima, kule wanakolima na kufuga. Alivaa koti la kijivu lililonyooka vizuri, koti la kushonewa hasa, si la mnadani. Tukaanza kuzungumza kwa Kiswahili, kwa kuwa mimi sikujua Kimaa, lugha yao, na yeye Kimeru kilikuwa hakimpandi. Nikamuuliza alitahiriwa lini. Akasema mwaka uliofuata ule wa nzige. Nami pia.

Asiyetoka kwetu hawezi kujua uzito wa jibu lile. Waliotahiriwa wakati mmoja ni rika moja, na Wameru mambo hayo ya rika tulishirikiana na Waarusha. Rika lako hata kama hujawahi kumwona, akifika kwako anakula na kulala, na akikuomba kitu ulicho nacho humnyimi. Kumnyima ni fedheha ambayo hata watoto wako watatajiwa. Nilijua hivyo vizuri sana, na ndiyo sababu nilimuuliza. Sikuwa nauliza kwa kutaka kumfahamu. Nilikuwa natazama koti.

Nikamwambia, "Rika langu, niazime koti lako. Nikitoka unalivaa wewe."

Alilitazama shati langu, akacheka kidogo, akavua. "Wanataka wawili," akasema, "na sisi tuko wawili. Ingia."

Mikono ya koti ilinifika kwenye vidole. Niliikunja kwa ndani, nikafunga vifungo vyote, tope likapotea.

Yule bwana alikuwa mtu wa makamo, mwenye Kiswahili cha vitabuni kilichonyooka kuliko chetu, na alipenda kukionyesha. Alinipa hesabu za uzito, za ratili na frasila, nikazipiga. Aliniuliza kuhusu shule, nikajibu. Nilimtazama machoni mpaka yangu yakawasha. Dirisha la veranda lilikuwa wazi, na nilikuwa naliona bega la mwenzangu, pale kwenye benchi, akisikiliza.

Kisha bwana akaweka kalamu chini. "Vijana wengi huja hapa wachafu," akasema. "Wewe unajitunza. Mtu anayetunza koti lake atatunza na mizani yangu. Koti hili ni lako?"

Mwalimu alisema nijibu mara moja. Nikajibu mara moja. "Ndiyo, bwana, ni langu."

Basi. Angeniuliza kama mlima ni wangu, nadhani ningesema ndiyo vilevile. Nilisikia masikio yakipata moto, nikatazama dirishani. Lile bega halikutikisika. Bwana akaniambia nimepata kazi, nianze Jumatatu, na kwa sasa nikasimame nje kwenye mizani nimsubiri mnyapara anionyeshe kazi. Nilitoka, nikavua koti, nikampa mwenzangu bila kumtazama. Alilipokea kwa mikono miwili kama inavyostahili, akavaa. Lilimkaa sawasawa, mikono ikaishia pale inapotakiwa kuishia. Mwenye macho angejua papo hapo lilikatwa kwa mwili wa nani.

Mizani ilikuwa hatua chache tu kutoka dirishani, na nilisikia kila neno. Bwana alianza na koti.

"Koti hili nimeliona sasa hivi," akasema. "Umekuja kwangu na nguo ya mtu?"

Nilikumbatia gunia lililokuwa juu ya mizani, kwanza kuficha tope la shati, pili labda kwa kutafuta kitu cha kushika. Nilijua jibu lake. Angesema koti ni lake na amemsaidia mwenzake, na mimi ningerudi mlimani jioni ile na tope langu, na ingekuwa haki yangu.

Mwenzangu akasema taratibu, "Limeazimwa, bwana."

Neno hili kuazima lina milango miwili. Anayetoa ameazima, na anayechukua ameazima. Hakusema uongo. Aliliacha neno katikati, na aliyebaki wa kusema nani kamwazima nani nilikuwa mimi. Hata bwana, kwa bahati mbaya au njema, aligeuza uso akanitazama kupitia dirisha, kama aliyetaka kusikia. Ilikuwa ni mimi kusema, "Bwana, ni lake." Maneno matatu, na nilikuwa na ulimi.

Nilitazama gunia.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," bwana akasema, akifurahia methali yake. "Mimi sitaki karani wa kunidanganya kwa nguo. Kwaheri."

Nimesikia watu wakisema kwamba aibu ikizidi, mtu hutamani ardhi ipasuke. Mimi sikutamani hivyo. Niseme nilichohisi: nilihisi nafuu. Nafuu kwanza, halafu ndipo aibu ikaja, na mpaka leo ile nafuu ndiyo inayonichoma kuliko ule uongo. Uongo uliniponyoka. Nafuu ilikaa, nikaionja.

Mnyapara alinichukua akanionyesha mawe ya mizani na mahali pa kupanga magunia. Nilikubali kila alichosema bila kusikia hata kimoja. Nilipotoka langoni nilidhani mwenzangu amekwenda zake, na nilimwomba Mungu iwe hivyo. Alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, koti ameliweka begani.

"Umepata," akasema.

"Nimepata."

"Basi rika limepata." Alisema bila kejeli, na mimi kejeli ningeipokea kwa shukrani. Kisha akanipa koti. "Chukua. Jumatatu atataka kukuona nalo. Ukija bila koti atakuuliza, na wewe majibu yako yana haraka."

Nilikataa, lakini kukataa kwangu kulikuwa kwa mdomo tu. Akalitupa mkononi mwangu. "Nimekuazima," akasema. "Sijakupa." Akashika njia ya magharibi na shati lake la mikono mifupi, mvua ikianza tena. Sikumwomba msamaha. Nilisema asante, na asante yangu ilikuwa ya punda.

Wadogo zangu walirudi shule. Mama alitoa sadaka ya shukrani kanisani, na mchungaji akanisimamisha vijana wanione. Nilisimama nimevaa lile koti. Kila asubuhi bwana alilitazama akaridhika, na kila jioni nililitundika nikaligeuzia mgongo. Nilijipa ahadi kwamba nikishonesha la kwangu tu, nitalirudisha la watu, na nitamwambia mwenzangu yale niliyoshindwa kusema mbele ya dirisha.

Siku ikafika. Nilipanga koti ndani ya kikapu, chini kabisa, nikalifunika kwa majani ya mgomba, juu yake nikajaza ndizi za kwetu, maana huendi kwa watu mikono mitupu. Nikazunguka mlima mpaka kwao, nikiuliza boma kwa boma.

Baba yake alikuwa mzee mrefu kama mwanawe, amejifunika blanketi, Kiswahili chake cha sokoni kama changu. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia marahaba, na aliposikia kwamba mimi ni rika la mwanawe na nina kazi mjini, alinikalisha kwenye kigoda chake mwenyewe. Mwenzangu alitoka zizini, akaniona, akaona na kikapu. Alinisalimu kwa furaha. Nilitaka tutoke kando tuzungumze, lakini mzee alikuwa ameanza.

"Huyu mwenzako ni mzembe," akasema. "Nilitoa ndama dume apate koti la kipaimara, akue nalo, aombee kazi nalo. Siku moja tu kaenda nalo mjini, kaniambia limeibiwa sokoni. Kazi hana, koti hana. Tangu siku ile simwamini na kitu. Hata ng'ombe wa kuuza nampeleka mimi mwenyewe na miguu hii mibovu."

Mwenzangu alikuwa anatazama chini, kama mtoto mwenye adabu anapogombezwa mbele ya mgeni. Mama yake akaja kunipokea kikapu aende kumimina ndizi. Nikakishikilia. Akavuta kidogo akidhani ni adabu, nami nikavuta. "Acha, yeyo, nitakutolea mwenyewe," nikamwambia, nikimwita mama kwa lugha yao, nikaanza kutoa ndizi, kichana kimoja kimoja, mpaka nikafika kwenye majani, nikasimama hapo. Chini ya majani yale palikuwa na kila kitu ambacho mzee yule alihitaji kujua kuhusu mwanawe, na kuhusu mimi. Nikakisogeza kikapu nyuma ya kigoda.

Nilijiambia kwamba nikilitoa nitamfanya mwenzangu mwongo mbele ya baba yake. Ni sababu nzuri. Nimeipima mara nyingi tangu siku ile, na kila nikiipima inapungua uzito.

Mzee hakuwa amemaliza. "Wewe unajua kuzungumza na Wazungu," akaniambia. "Kuna shamba la mkonge huko chini wanatafuta karani. Mfundishe mwenzako namna ya kuonekana. Yeye hajui kujitetea. Mfundishe hapa hapa, nami nisikie."

Mwenzangu akavuta jiwe akakaa mbele yangu, akaweka mikono magotini. Nilidhani atacheka, au atanitazama kwa namna fulani. Alingoja tu, kama mwanafunzi.

Basi nikamfundisha. Nilimwambia asimame wima. Nilimwambia amtazame Mzungu machoni, asikae kabla hajaambiwa, na akiulizwa jambo aseme kweli. Sauti yangu ilikuwa ya mwalimu wa misheni, naisikia mpaka leo. Mzee alitikisa kichwa kwa kila neno na kumwambia mwanawe asikilize.

"Na akiniuliza jambo," mwenzangu akasema, "na mwenye jibu ni mwenzangu aliye pale nje?"

"Mwache mwenzako aseme," nikajibu.

"Asiposema?"

Mzee aliona swali hilo ni la kijinga. "Mwenzako yupi asiyesema?" akamwuliza. "Rika lako yuko hapo, anasikia, halafu akunyamazie? Huyo utamtoa wapi?" Akanigeukia, akacheka. "Unaona? Ndiyo maana hapati kazi. Kichwa chake kinawaza watu ambao hawako."

Mwenzangu akasema, "Kweli, baba."

Yeyo alikuwa amesimama na kibuyu cha maziwa. Akakijaza kikombe changu mpaka juu, kama anavyojaziwa mwana wa nyumba, nami nikanywa nikamaliza.