Diski Mukubwa na Diski Mudogo

Mume wangu hajawahi kununua kitu kizima. Redio aliinunua kwa vipande, baiskeli kwa vipande, na kama wazazi wangu wangekubali, hata mimi angenichukua kwa awamu: kwanza mikono ya kupika, mengine baadaye. Kwa hiyo ziwa lilipopanda likatufuata hadi sebuleni, na kompyuta yetu ya zamani ikanywa maji pale chini ilipokuwa imewekwa, sikushangaa aliposema hatanunua nyingine.

"Nitaijenga," alisema.

Neno lenyewe lilimnogea. Akawa anavuka mpaka wa Kavimvira kwenda Bujumbura na kurudi na vipande amevifunga ndani ya mashati yake: leo sanduku tupu, kesho kadi, siku nyingine feni ndogo ambayo aliionyesha kwa majirani kama mtoto mchanga. Kabati la vyombo likajaa nyaya, na sahani zangu zikahamia chini ya kitanda.

Mimi nilikuwa na shida moja tu. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na watoto walipokua kidogo nilirudi masomoni kutafuta diploma niliyoiacha nilipoolewa. Upande wa ukwe walikuwa wanauliza, kwa upole kabisa, mwanamke mwenye nyumba anasoma ili amzidi nani. Nilikuwa nimebakiza TFC, ile kazi ya mwisho unayoitetea mbele ya majaji. Bila hiyo, diploma unaisikia tu kwa wenzako. Kazi yangu yote ilikuwa kwenye diski ya ile kompyuta iliyokunywa maji. Diski yenyewe ilipona, maana ilikaa juu ndani ya sanduku. Humo mlikuwa na kurasa zangu, na zaidi ya kurasa, sauti za wanawake wa Sange wanaolima mpunga, niliowarekodi kwa simu wakinieleza nani hasa anaamua mavuno yakishatoka shambani. Simu ilipojaa nilizihamishia kwenye diski, nikazifuta kwenye simu. Ndiyo, najua. Usiniambie, nimeshajiambia vya kutosha.

Mpango ulikuwa rahisi: diski yangu iingie kwenye mashini mpya pamoja na diski nyingine mpya, mashini iwekewe programu yake ya kuendeshea, mimi nifungue kazi yangu, nimalizie, nichapishe, nitetee. Wiki mbili zilikuwa zimebaki. Nilimwomba mume wangu aache kwanza diski yangu nje mpaka wamalize. Akaniangalia kwa huruma, vile wanavyotuangalia.

"Mama watoto, weye fundisha watoto kusoma. Haya ya mashini tuachie sisi."

"Sisi" maana yake yeye na mdogo wake, shemeji yangu, ambaye alisoma informatiki kidogo na anaijua yote. Shemeji ni mrefu, anainama kupita mlango wetu, mabega kama kabati; lakini mume wangu anamwita "mudogo wangu" na hakuna anayecheka, kwa sababu kwetu aliyezaliwa nyuma ni mudogo hata akikuzidi kilo ngapi.

Siku ya kuwasha, umeme ulikuwepo, jambo ambalo peke yake lilistahili misa ya shukrani. Mashini ikalia pi, pi, pi, kisha ikanyamaza. Wakaitazama. Ikalia tena.

"Iko na njaa," alisema shemeji.

Walifungua, wakafunga, wakafungua. Mwishowe mume wangu akakandamiza kipande kimoja kirefu kwa hasira, kikaingia mahali pake kwa sauti ya kukata biskuti, na mashini ikaacha kulia. Tangu siku ile anasema alijua tangu mwanzo kuwa ni memori. Kioo kikawaka, cheusi, na mstari mmoja mweupe wa Kiingereza. Shemeji akatafsiri kwamba mashini inasema haioni kitu cha kuanzia.

"Haioni namna gani? Flashi si hii hapa?" Mume wangu alilichukua kama tusi.

Kumbe shemeji alikuwa ameikopia ile programu kwenye flashi vile unavyokopia wimbo wa harusi: unaburuta, unaacha, unaondoka. Kwa kompyuta hiyo haitoshi. Flashi lazima iandaliwe kwa namna yake ili mashini iweze kuanzia hapo. Ilibidi aende kwa rafiki mwenye intaneti, na akarudi kesho yake akieleza jambo hilo kwa sauti ya mtu aliyelivumbua mwenyewe. Mimi nilipika, nikasahihisha madaftari ya wanafunzi, nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika nyumba yenye mafundi.

Halafu maandishi ya Kifaransa yakatokea, mazuri, ya rangi ya buluu, na kitufe cha "Suivant", yaani endelea. Hapo ndipo nilipaswa kuogopa. Mume wangu hasomi kilichoandikwa. Anabonyeza Suivant kama mtu anavyoitikia Amina nyuma kabisa ya kanisa. Suivant, Suivant, Suivant. Mpaka mashini ikakataa. Ikasema, kwa adabu, programu haiwezi kuwekwa kwenye diski hii aliyoichagua, kwa kuwa imegawanywa kwa mtindo wa zamani. Alikuwa amechagua diski yangu. Katika watu wote wa nyumba ile, mwenye akili alikuwa mashini.

Wakati huo mimi nilikuwa shuleni, watoto wako mapumziko, kelele mpaka angani. Simu ikalia. Mtandao wetu, kama kawaida, ulikuwa unachungulia Burundi na kurudi.

"Mama watoto! Mashini inakataa. Shemeji wako anasema tuformate diski moja ndiyo ikubali. Ziko mbili humu. Tufute gani?"

"Kwani yangu hamukuing'oa?"

"Haina shida, tuko tunaziona zote vizuri."

Nikaziba sikio moja, nikapiga kelele hadi mkuu wa shule akatoa kichwa dirishani.

"Sikiliza, baba watoto! Mukubwa usiguse! Umesikia? Mukubwa ndiyo iko na kazi yangu. Futa mudogo!"

"Mukubwa tuache, mudogo tufute."

"Ndiyo hivyo!"

"Basi weye usiwe na wasiwasi."

Nilirudi nyumbani nikakuta soda mezani. Walikuwa wamefungua hata ya kwangu. Kompyuta inawaka, picha ya mlima na ziwa ambalo si letu, na wale wanaume wawili wamesimama pembeni yake kama maharusi.

"Imekubali!" alisema mume wangu. "Keti. Ona mbio zake."

Niliketi. Nikafungua diski ya kwanza: programu mpya. Nikafungua ya pili. Nyeupe. Hakuna hata faili moja.

"Kazi yangu iko wapi?"

"Iko mu mukubwa, si ulisema?" Shemeji akainama, akaonyesha kwa kidole. "Hii ya mpya ndiyo mukubwa, ona namba, inabeba mara nne ya ile. Ile ya zamani iko mudogo. Mudogo tulifuta. Tulifuta vizuri kabisa, na mara ya pili tulirudia ili iwe safi."

Kichwani mwangu, mukubwa ni aliyetangulia kuingia nyumbani: diski yangu ya zamani, iliyofanya kazi miaka, iliyopita katika mafuriko. Hiyo nyingine ilifika juzi, ni mudogo wake, hata kama ina tumbo. Wao walikuwa wanasoma namba. Tulisema maneno yaleyale, tukakubaliana neno kwa neno. Sijawahi kuelewana na mume wangu vizuri namna ile kwa simu.

Nililia. Sitapamba. Nililia mbele ya shemeji, kilemba kimeanguka, na nilimwambia mume wangu maneno ambayo nikiyaandika hapa watoto watayasoma. Yeye akajibu, "Lakini kazi si iko mu kichwa yako? Utaandika tena." Shemeji akaona afadhali arudi kwao, akasahau hata flashi.

Fundi mmoja wa mjini alijaribu kurudisha vilivyofutwa. Akatoa picha za ubatizo wa mtoto wetu, nusunusu, watu hawana vichwa. Sauti hakupata hata moja. Wenzangu walitetea, wakamwagiwa poda ya pongezi kichwani, wakapiga picha; mimi nilikwenda kupiga makofi nikiwa nimevaa kitenge nilichoshona kwa ajili ya siku yangu. Na kila aliyeuliza, mume wangu alijibu kwa masikitiko, "Kazi ya bibi yangu ilijifuta." Kiswahili kimewatendea wanaume wema mkubwa. Glasi inavunjika, ugali unaungua, kazi inajifuta, na nyumbani hapakuwa na mtu.

Profesa aliyekuwa anasimamia kazi yangu alikubali nitetee msimu uliofuata, mradi nirudi kurekodi upya, kwa sababu majaji hawataki "nakumbuka walisema". Nikarudi Sange. Mume wangu alijitolea kunisindikiza, akabeba mfuko na simu bila kuombwa. Tuliwakuta wanawake wanapepeta mpunga kando ya shamba. Nilimtafuta hasa mama mmoja ambaye mara ya kwanza aliongea mpaka betri ya simu ikaisha: jinsi mume wake alivyouza magunia yote yeye akiwa bado na matope miguuni, na yale makali aliyomwambia mume huyo. Yeye peke yake alikuwa karibu sura nzima ya kazi yangu.

"Mwalimu, karibu," alisema. "Lakini si tulishakuambia yote? Maneno yetu uliyapeleka wapi?"

Mume wangu akanitangulia kujibu.

"Minye nilifuta, mama. Si mashini. Minye na mikono yangu."

Miezi yote ile nilikuwa nangoja neno hilo, na nilikuwa nimeliandalia jibu kali. Sikulitoa. Nilishukuru, kweli, nikaweka simu juu ya kinu kilichopinduliwa na kuwasha kurekodi. Nikamuuliza mama swali lilelile: mavuno yakitoka, nani anaamua?

Mama yule akaendelea kupepeta. Makapi yalimrukia usoni, akayafuta kwa mkono.

"Tunaamua sisi wote wawili," alisema.

Nikasimamisha kurekodi. "Mama, mara ya kwanza hukusema hivyo."

"Mara ya kwanza nilikuwa na hasira. Sasa hasira iliisha, muzee na minye tuko tunaishi. Siwezi kuirudilia."

"Lakini yale uliyosema yalikuwa kweli?"

"Si mulifuta?" alisema, bila ubaya wowote. "Basi. Andika tunaamua sisi wote wawili."

Nikawasha tena simu, nikaandika hivyo.