Pazia Jekundu la Kisanduku

Wateja walimwita Fundi, na hawakukosea. Pindo akilikunja yeye, hata fundi mwenzake haoni lilipoanzia. Lakini ufundi wote huo haukumfaa kitu Jumapili jioni, binti yake aliporudi kutoka kwa baba yake amekumbatia kisanduku cha mbao.

"Mama, fungua uone!"

Kilikuwa kisanduku cha kuwekea hereni. Ndani kimegeuzwa chumba cha mwanasesere: kitanda cha vijiti vya aisikrimu, zulia la kipande cha taulo, kioo cha karatasi ya chokoleti, na dirisha la kuchora lenye pazia jekundu.

"Umetengeneza na nani?"

"Na mama mdogo. Alinipa gundi, halafu..."

Fundi hakungoja lililofuata. Mama mdogo! Mwanamke aliyeolewa na baba mtoto juzijuzi tu, marashi yake yanabisha hodi kabla yake, leo anajipenyeza mpaka kwa mtoto! Mume na amchukue, tena amchukue na mikoromo yake. Lakini mtoto? Mtoto hagawiwi.

"Kizuri," alisema, akaenda kukoroga chungu kisichohitaji kukorogwa.

Asubuhi, mtoto akiwa shuleni, alikiweka kisanduku juu ya cherehani akakikagua. Eti anakirekebisha kidogo tu. Jicho likatua kwenye pazia. Loo! Mishono imekwenda arijojo, pindo linapwaya, na uzi umefungwa fundo juu ya fundo. Fundi alicheka peke yake mpaka akashika mbavu.

"Marashi unayajua, bibi wee, sindano huijui!"

Alilifumua kwa wembe, akalitupa kwenye pipa pamoja na vipande vya nguo za wateja. Akashona jipya la hariri, na lesi chini. Gari la taka lilipopita, alitoka mwenyewe kumwaga pipa, huku anaimba. Leo mtoto angejua nani ni nani.

Mtoto alirudi, akafungua kisanduku.

"Pazia langu liko wapi?"

"Lile la mama yako mdogo? Lilikuwa limepindapinda, mwanangu. Nimekushonea..."

"Lilikuwa langu! Nilishona mimi." Akakifunga kisanduku. "Mama mdogo hajui kushona. Alitaka tubandike kwa gundi, nikakataa. Nikamwambia mama yangu ni fundi, kwetu pazia linashonwa."

Fundi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akapekua makapu yote, akapata kipande chekundu, akakaa chini kulishona pazia upya vilevile lilivyokuwa. Aliupinda mshono kwa makusudi, ukatoka umenyooka. Akafumua. Akashika sindano kwa mkono wa kushoto, akajichoma, akaendelea.

Mtoto alisimama begani kwake akitazama.

"Siyo hivyo, mama," alisema. "Langu halikuwa hivyo."