Siku Niliyoivalisha Pampu Blanketi la Wageni

Nianze kwa kukiri mwenyewe, kabla hamjasikia kwa Shomari akaongeza chumvi (na najua ameshaongeza): ni kweli, mimi ndiye niliyewatoa wakwe zangu watarajiwa nje kwenye theluji wakiwa na soksi tu, ni kweli zimamoto walikuja na gari lao lote na king'ora, na ni kweli nilimruka bibi wa watu. La juisi ya ukwaju nalo ni kweli. Haya, chekeni mmalize, halafu mkae niwaeleze ilivyokuwa.

Mimi mnanijua, mtu wa nyumbani. Naendesha basi la shule asubuhi na alasiri, na katikati ya hapo ukinitafuta utanikuta hapa Riverdale Park, huku Marekani, kwenye kochi langu, miguu juu, kikombe cha chai kwenye tumbo (tumbo limeshakuwa meza, lina kazi yake). Kwa hiyo kiangazi kile kiyoyozi chetu kilipokata roho, kwangu haikuwa mashine imeharibika, ulikuwa msiba wa ndani kabisa, nililala sakafuni siku nne kama samaki sokoni, na mke wangu, Mama Neema, akawa ananipita na kusema, "Baba Neema, nyanyuka utafute fundi, au tukuuze kwa kilo?"

Fundi akaja. Mmarekani mweusi, mtu mzima, mpole, anaitwa Bwana Curtis, na alipotusikia tunaongea akaweka chini sanduku lake la vifaa na kusema, "Shikamooni." Jamani! Kumbe alisoma Kiswahili chuoni, ujana wake, huko mjini karibu na mtaa wa Shaw, na hakukiacha. Kiswahili chake kimepigwa pasi, kimenyooka, hakina hata kikunjo kimoja. Anasema "ningependa kukufahamisha." Mimi mwenyewe tangu nizaliwe sijawahi kumfahamisha mtu, huwa namwambia tu.

Akanieleza kuna njia mbili. Naweza kununua kiyoyozi kingine kama kile kilichokufa, au naweza kuweka pampu ya joto, ambayo kiangazi inapoza kama kiyoyozi chochote, na baridi ikiingia inageuka, inavuta joto lililoko nje na kulileta ndani, na lile tanuru la gesi la besimenti, kule chini ya nyumba, linapumzika moja kwa moja. Nikamuuliza joto gani linapatikana nje mwezi wa kwanza, akanijibu kwa utulivu kwamba lipo, hata kwenye baridi lipo, ila ni dogo na mtambo unajua kulikusanya. Fizikia yangu iliishia kidato cha nne, na iliishia vibaya, lakini nikatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa na shaka hiyohiyo tangu utotoni na leo ameridhika. Nikachagua pampu. Na hapo, naomba muandike, hapo sikukosea. Mtambo ni mzuri mpaka leo. Kilichoharibu ni mdomo wangu na simu yangu.

Mdomo kwanza. Mwezi uleule rafiki yangu Shomari wa Wheaton, mji wa jirani, naye alikuwa amefiwa na kiyoyozi, akanunua kiyoyozi kingine. Basi nikawa profesa. Kwenye grupu letu la WhatsApp watu wakitakiana asubuhi njema, mimi naandika, "Kuna wenzetu mwaka huu bado wananunua mashine inayofanya kazi msimu mmoja halafu inalala kama dubu." Kanisani, msibani, kwenye foleni ya nyama choma, popote nikimwona Shomari namuuliza hali ya mgonjwa. Yeye anacheka tu. "Sawa, Injinia," ananiambia, "sawa." Yule mtu ana subira ya kutisha.

Sasa simu. Siku Bwana Curtis anamaliza kufunga mtambo, ameusimamisha ubavuni mwa nyumba, upande wa jikoni, akaniita ili anipe maelekezo. Na mimi badala ya kusikiliza maelekezo nikasikiliza Kiswahili. Nikatoa simu nikaanza kumrekodi. Yeye anaongea, mimi nacheka kwa tumbo, nasema, "Rudia hapo, Bwana Curtis, rudia hapo kwenye 'iwapo'!" naye, mstaarabu wa watu, anarudia. Nikaitupa ile video kwenye grupu na maneno, "Njooni muone Kiswahili kilivyovaa tai." Watu wakacheka wiki nzima. Alichosema yule fundi, mniulize mimi niliyesimama mbele yake, sikujua hata neno moja.

Baridi ikaingia, na posa nayo ikaingia. Binti yetu Neema alikuwa amepata mchumba, Kelvin, kijana wa Kikenya, familia yao iko Wheaton, wakasema wanakuja Jumamosi rasmi, watu kumi na mmoja, pamoja na bibi yake Kelvin ambaye ndiye amemlea. Na tukaambiwa kabisa: bibi akisema ndiyo, ni ndiyo, na akinyamaza, mjue watu watakunywa chai waende zao na hakuna atakayepiga simu. Neema alikuwa hali wala halali. Aliniambia, "Dad, please. Just be normal." Nikamwambia mimi ni normal tangu asubuhi.

Ijumaa redio ikatangaza theluji. Sasa kile kiyoyozi cha zamani, kila baridi ilipokaribia, nilikuwa nakifunika turubai ili majani na theluji visiingie, miaka yote, na hakuna aliyewahi kunisema. Nikatoka nje nikautazama mtambo wangu mpya, uchi, unatetemeka, na moyo ukaniuma kabisa. Nikasema mnyama huyu kesho ana kazi ya kutia joto wageni kumi na mmoja, hawezi kulala hivi. Nikachukua blanketi kutoka kabatini, nikaufunika mzima kama mama anavyomfunika mtoto, juu yake turubai la buluu, nikazungusha kamba, nikafunga fundo la jeshini. Nikarudi ndani nimeridhika na nafsi yangu.

Jumamosi wakaja. Theluji imetanda, viatu vyote vikabaki barazani kwa sababu Mama Neema ana zulia jipya na zulia lile lina sheria kuliko ubalozi. Tukawaketisha. Upande wetu msemaji alikuwa nani? Shomari, ndiyo, ndiye mwenye maneno kutushinda wote. Upande wao msemaji alikuwa mjomba wake Kelvin, Mzee Mutua, mtu mrefu mwenye sauti ya spika.

Akaanza vizuri, oh sisi ni wasafiri, oh tumeona ua kwenye bustani hii, lakini nikagundua hakuna aliyevua koti. Kisha nikaona Mzee Mutua akitamka "bustani" mdomo unatoa kamvuke kadogo. Nyumba ilikuwa baridi! Nikasimama kwenye tundu la hewa nikanyoosha mkono, hewa inayotoka ni ya uvuguvugu wa mtu aliyekata tamaa.

Mtu mwenye akili hapo angenyamaza. Mimi nikatoa mhadhara. Nikawaambia wageni wasiwe na wasiwasi, hii siyo tanuru la kishamba, hii ni pampu, inavuta joto kutoka nje.

"Joto gani liko huko nje, mzee?" akauliza Mutua. "Sisi tumetoka huko sasa hivi, na hatukuliona."

Wakaangua kicheko. Bibi yake Kelvin hakucheka. Amekaa kwenye kochi langu, mdogo, shali mpaka masikioni, mikono kwapani, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, kama kuna blanketi, nisaidie."

Mama Neema akanigeukia. "Baba Neema, lile blanketi la wageni liko wapi?"

Nikakohoa.

"Lile jipya. Nililiweka kabatini jana kwa ajili ya bibi."

Nikasema litakuwa kwa dobi. Akaniangalia. Tuna mashine ya kufulia humuhumu ndani, na mimi sijui hata inawashwa wapi. Ili nisijibu swali linalofuata nikaenda kwenye kile kidude cha ukutani cha kupangia joto, nikapandisha, nikapandisha, nikapandisha mpaka namba zikagoma. Dakika chache mbele kikaanza kutoka kiharufu cha vumbi linaloungua, na mara huko nje, upande wa jikoni, kitu kikalia *fwaaaaa*, nikachungulia dirishani nikaona turubai limevimba kama tumbo la mjamzito, na kwenye kila mshono linafuka, linafuka, wingu jeupe linapanda mpaka juu ya paa.

"MOTO!" Hiyo ni sauti yangu. "Moto jamani! Tokeni!"

Na hapa ndipo penye aibu niliyokuja kuisema. Mwenyeji, baba wa binti, alipaswa kutoka wa mwisho. Mimi nilitoka wa kwanza. Bibi alikuwa ameanza kujinyanyua kutoka kwenye kochi, miguu yake imeziba njia, nami, na ile suti yangu niliyofungia ndoa, nikainua goti nikamruka kama kiunzi cha mbio. Nikapita jikoni, nikaona ndoo, nikaibeba, nikatoka nayo na soksi zangu, nikaimwaga yote juu ya turubai. Ilikuwa juisi ya ukwaju. Mama Neema aliitengeneza siku mbili.

Nikageuka. Wageni wote kumi na mmoja wako kwenye theluji, wanarukaruka kwa soksi, mguu huu, mguu huu, wamenifuata kwa mlango wa jikoni, viatu vyao viko barazani mbele ya nyumba, kule ambako hakuna aliyethubutu kurudi. Bibi yuko mgongoni kwa Kelvin, soksi zake zimeshalowa. Na bibi ananitazama mimi, siyo moshi. Neema amefunika uso kwa mikono miwili, nikasikia kidogo tu, "Oh my God. Oh my God, Dad."

Zimamoto walifika upesi (Shomari alipiga simu, kwa ile harufu ya kuungua, sina la kumlaumu). Kijana mmoja mwenye kofia akasogea na kishoka chake, akakata kamba, fundo langu la jeshini halikuhimili hata pigo moja, akainua turubai linalodondoka ukwaju, kisha akainua blanketi kwa ncha ya vidole viwili. Chini yake mtambo wangu umeganda barafu, unapumua mvuke. Akaniuliza kwa Kiingereza cha polepole, kile wanachoongea na wagonjwa, kama blanketi lile ni langu.

"Ni la wageni," akajibu Mama Neema, kwa Kiswahili, akinitazama.

Yule kijana akaeleza kwamba hakuna moto. Mtambo wa namna hii ukishika barafu hujiyeyusha wenyewe, na ukijiyeyusha hutoa mvuke, ndivyo ulivyotengenezwa, ila mtu akiufunika hauvuti hewa, unaganda, unajiyeyusha, unaganda tena, na ndani nyumba inapoa. Ile harufu nayo ni vumbi tu, kwenye nyaya za joto za akiba zilizowaka mara ya kwanza. Akanipigapiga begani. Wakaondoka.

Tukarudi ndani. Soksi zinachuruzika kwenye zulia la sheria, na safari hii hakuna aliyesemwa. Nikamwona bibi ameketi, midomo imefungwa, na nikakumbuka: akinyamaza, ndiyo basi. Neema naye alikuwa anamtazama yeye tu. Nikatamani ule moto ungekuwa wa kweli.

Ndipo Shomari akakohoa. "Waheshimiwa," akasema, "kabla hatujaendelea, upande wetu una ushahidi." Akatoa simu. Akaiweka mezani, sauti mpaka mwisho, na sebule nzima ikamsikia Bwana Curtis, taratibu, neno kwa neno:

"Ndugu yangu, nakuomba unisikilize kwa makini. Mtambo huu usifunikwe kwa kitu chochote. Iwapo utauona ukitoa mvuke mwingi wakati wa baridi, tafadhali usiogope. Huo si moshi."

Na juu yake sauti yangu, kama punda: "Rudia hapo! Rudia hapo kwenye 'iwapo'!"

Na yule mtu anarudia. Yote. Mara mbili.

"Mimi hii niliitazama mara tatu, Injinia," Shomari akasema, "nilitaka kujua kama nilikosea kununua mashine ya kulala kama dubu."

Sikuwa na pa kuangalia. Nikaangalia chini, na chini palikuwa na soksi ishirini na mbili za watu. Kisha nikasikia sauti nyembamba, kama birika linaanza kuchemka. Bibi. Mabega yanatikisika, machozi yanatoka. "Ati iwapo," akasema. "Wueh! Ati rudia hapo!" Akacheka mpaka Kelvin akamshika asianguke. Alipotulia akajipangusa kwa shali.

"Msichana hana makosa," akasema. "Huyo namchukua leo. Lakini huyu baba yake amenipita kama basi la shule limeona kituo hakina watoto. Faini yake: soksi kavu kwa sisi wote. Na zangu anivalishe yeye mwenyewe."

Basi, mbele ya watu wote, nikaleta droo yangu nzima ya soksi, nikapiga magoti kwenye zulia, nikamvua bibi zile mbichi nikamvalisha zile nene za sufu, moja, halafu nyingine, miguu yake midogo baridi kama barafu. Akaniinamia sikioni. "Taratibu, Injinia," akasema. "Usifunike sana."

Neema ameshaolewa. Bwana Curtis tulimwalika harusini, nikamwomba radhi mbele ya Mama Neema, akanijibu, "Hakuna neno, ndugu yangu," na kwa mara ya kwanza sikucheka. Video Shomari huirusha kwenye grupu kila theluji ya kwanza ikidondoka, na mimi siruhusiwi kujitoa, nilishajaribu, wananirudisha. Na mtambo wangu uko palepale ubavuni, uchi wake, majani juu, theluji juu. Siku za baridi kali unalia *fwaaaaa*, wingu linapanda dirishani, goti langu linanyanyuka lenyewe. Nimeapa: goti nalishika kwa mikono miwili, nakaa kwenye kochi, nangojea wingu lipite.