Kopo Tupu Juu ya Meza

Nakumbuka Jumapili moja hapa Temeke, enzi za Mwingereza, nilipowaalika wenzangu wa ofisini waje kula kwangu. Nilikuwa kijana, karani, sekondari nimeimaliza karibuni, na Mwanahawa nilikuwa nimemwoa miezi michache tu. Mwanangu, ingawa sikukuzaa mimi, umeniomba nikufundishe kupika maharage ya kuoka. Nitakufundisha, lakini siwezi kuyatenga na siku hiyo.

Wakati ule maharage ya kopo kutoka Ulaya yalikuwa chakula cha wakubwa. Dukani kwa Mhindi yalipangwa rafu ya juu, nami nilikuwa nikiyatazama na kupita. Siku moja boi wa bwana mkubwa wetu alinionjesha kijiko kimoja cha mabaki, akanipa na kopo lenyewe, tupu, lenye karatasi yake ya rangi. Nililibeba hadi nyumbani kama kitu cha maana. Nikamweleza Mwanahawa: mchuzi mzito mwekundu, utamu kidogo, uchachu kwa mbali.

"Ni hayo tu?" akasema. "Nitakupikia."

Mwanahawa alitoka Utete, kule Rufiji, na mtaani walikuwa hawajamkubali. Jirani yetu Bi Tatu kila wakikutana bombani alimtania, "Mwali wa Rufiji, huko kwenu mnapika au mnachemsha?" Wenzake wanacheka, naye anacheka nao, kisha anarudi nyumbani kanyamaza. Kwa hiyo Jumapili ile kwake haikuwa chakula tu. Alitaka wageni, na Bi Tatu aliyekuja kumsaidia kupakua, waseme kwa vinywa vyao kwamba anajua kupika.

Basi shika alivyofanya. Maharage aliyaloweka tangu jana yake, akayachemsha mpaka yakabonyea kwa vidole. Nyanya alizisaga, akazikaanga na kitunguu, akatia chumvi, kipande cha sukari guru na maji ya ukwaju. Akachanganya vyote chunguni, akaacha makaa machache chini, akafunika kwa kipande cha bati na kupalia makaa mengi juu yake. Kazi iliyobaki ni kuvumilia. Bi Tatu alinyoosha mkono achungulie, Mwanahawa akamzuia, "Dada, usifunue, joto litatoka." Yalipoiva yalikuwa yameshikana vizuri, juu yamefanya ngozi ya hudhurungi, na harufu yake imefika barabarani.

Wageni walikula kimya, halafu Bwana Festo, karani mkuu wetu, akaweka kijiko chini.

"Shemeji! Haya maharage umeyapika wewe?"

Mwanahawa alikuwa nyuma ya pazia la mlango na Bi Tatu. Niliiona miguu yake ikisimama. Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi: ndiyo, ni yeye. Lakini nilimtazama Bwana Festo, kola yake na saa yake, nikaona haya kusema kwamba nimemlisha maharage ya makaa.

"Ah, shemeji yako angeyajulia wapi haya?" nikasema. "Ya kopo hayo, ya Ulaya. Yeye kapasha moto tu."

Nikainuka, nikalichukua lile kopo tupu kabatini, nikaliweka juu ya meza.

"Nilijua!" Bwana Festo akacheka. "Mkono wa Mzungu haujifichi."

Nyuma ya pazia nikamsikia Bi Tatu, wala hakupunguza sauti: "Kumbe! Ndiyo maana ukanikataza kufunua chungu."

Tangu siku hiyo mtaani hakuwa tena asiyejua kupika tu. Akawa mwongo pia.

Hakunigombeza. Lakini nilipoalika wageni wengine, nikamwomba apike yale maharage, aliingia ndani akatoka na lile kopo, limeoshwa linang'aa, akaliweka mbele yangu.

"Mpishi wako huyu. Mwambie awapikie."

Wageni walipokuja walipata mkate na chai.

Walipoondoka nilimfuata chumbani nikamwomba radhi. Nilimaanisha, mwanangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Uliniaibisha sebuleni, unaniomba radhi chumbani?"

Nilielewa alichotaka. Niwaite walewale, na Bi Tatu, niseme. Nikasema nitafanya Jumapili ijayo, na ilipofika nikapata sababu, na iliyofuata nikapata nyingine. Bwana Festo akahamishiwa Tabora. Bi Tatu akahama na mumewe. Ujasiri ulipokuja, masikio yaliyousikia uongo wangu yalikuwa yametawanyika.

Tuliishi pamoja mpaka uzeeni, kwa heshima na watoto. Alinipikia kila kitu ila hayo. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho nikayapika mwenyewe, kwa kukumbuka mikono yake. Nikamletea kitandani, watoto wetu na wake zao wamejaa chumbani, nikawaambia wote habari ya kopo, sikuacha neno. Nikasema, "Nimepika mimi, lakini maharage ni yake. Yalikuwa yake tangu mwanzo."

Akaonja. Akasema chumvi imepungua. Baadaye kidogo akasema, "Wangekuwepo wale."



Kwa hiyo, mwanangu, loweka mapema, oka kwa moto wa juu, na usifunue chungu kabla ya wakati. Lakini watu wakiuliza nani kapika, mtaje palepale, kabla kijiko hakijarudi sahanini, hata kama aliyeuliza ana saa mkononi na wewe huna. Na ukimnyang'anya mtu sifa yake mbele za watu, mrudishie mbele ya watu walewale, wangali karibu. Usingoje Jumapili ijayo kama mimi.

Mungu akupe mkono wa kupika kama wa Mwanahawa, na kinywa kisichoona haya kumtaja aliyekupikia. Akujaalie nyumba ambayo hakuna anayesimama nyuma ya pazia akingoja jina lake. Amina.