Mashine Yangu na Jua la Baba Mkwe

Niliambiwa mashine yangu irudi kwetu Mbozi, na mpelekaji niwe mimi mwenyewe. Sikuipeleka. Mpaka leo iko mezani pale pale, Ndalambo, chini ya dirisha lile lile, na kila nikiiwasha naona raha ya mtu aliyekatazwa.

Ni kompyuta mpakato ya mtumba, kuukuu, kifuniko kimeshikwa na selotepu. Niliinunua nikiwa nasoma Mbeya, kabla sijaolewa. Ndiyo ninayokatia video za kwaya. Wanakwaya wa Chitete, wa Tunduma na wa kwetu Mbozi hunitumia memori kadi kwa bodaboda au basi, nami nachagua: pale mama wa sauti ya kwanza alipofumba macho kwa hisia nabakiza, pale mpiga kinanda alipopiga miayo naondoa. Mwishoni mashine inazipika picha zote ziwe video moja. Sisi kazi hiyo tunaiita kurenda, nayo ndiyo inayoichosha kuliko zote. Feni ilikuwa ikivuma mpaka kuku waliojilaza chini ya dirisha wanahama.

Nguzo za umeme zimeishia barabarani, kwetu hazijafika. Umeme wa nyumba ulikuwa wa baba mkwe, aliununua kwa ufuta wake: paneli moja ya sola juu ya paa la jiko, betri moja sebuleni, na inveta ndogo ya kuwashia vitu vya watu kama mimi. Hapo palikula taa, simu, redio yake ya taarifa ya habari, na mashine yangu. Mume wangu anaendesha lori la Zambia, nyumbani hufika kama mgeni. Walioishi na umeme ule kila siku ni wakwe zangu na mimi.

Kiangazi kilipoanza, taa zikaanza kuzimika mapema. Redio nayo ikawa inakata roho habari zikiwa ndiyo kwanza zinasomwa. Baba mkwe alivumilia mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu aliiweka redio chini, akamwita mama mkwe.

Nyumba ile imeshika desturi ya zamani: mkwe wa kike hasemi na baba mkwe uso kwa uso. Namsalimu nikiwa nimepiga magoti, macho chini. Neno lake linanifikia kwa mdomo wa mama, na langu linarudi kwa mdomo huo huo, hata tukiwa sote watatu chumba kimoja na kila mtu anasikia. Siidharau desturi hiyo, ina staha yake. Ila jaribu wewe kujitetea kwenye kesi ambayo wakili wako ndiye tarishi wa hakimu.

"Mwanangu," mama akasema, "baba anasema hiyo mashine inamaliza jua. Irudi kwenu. Wiki hii."

Baba alikuwa kwenye kiti chake, anatazama mlango. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Mashine ikitoka, kazi yangu imetoka nayo, na mimi nabaki mke wa dereva anayechambua karanga akisikiliza honi za malori. Sikuolewa kwa ajili hiyo.

"Mama, mwambie baba siipeleki."

Mama alinitazama kidogo, kisha akamgeukia mumewe. "Anasema ataangalia," akasema.

Nilimpigia mume wangu simu. Akaniambia nivumilie, mzee ni mzee. Nikakata. Kuvumilia najua, lakini si kwa kosa ambalo hakuna aliyelipima.

Basi nikalipima mwenyewe. Mashine yangu inaendeshwa na Linux, mfumo wa bure ambao mwenye mashine anaweza kuuuliza chochote. Nilichomoa waya ili ibaki na betri yake ya ndani, nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaiuliza inakula wati ngapi. Ikiwa imetulia, tisa. Nikaianzisha kurenda, namba ikapanda mpaka thelathini na kitu. Niliitazama nikaumia. Kumbe baba hakuwa ameota, mashine yangu ilikuwa na tumbo.

Lakini tumbo linafungwa mkanda. Nikapunguza mwanga wa kioo mpaka nikawa nakodoa macho. Nikazima bluetooth, nikazima vijiprogramu vilivyojificha nyuma vikinyonya bure. Kisha nikaiandikia prosesa, ubongo wa mashine, amri kwamba isivuke nusu ya kasi yake, itake isitake. Namba ikashuka, ikagoma, ikashuka tena, ikasimama kwenye kumi na mbili. Feni ikanyamaza, na kuku wakarudi. Video iliyokuwa ikiiva asubuhi moja sasa ilichukua kutwa nzima. Mashine inatambaa, nami nasonga ugali. Nikaipangia pia kwamba jua likikaribia kutoka kwenye paa la jiko, ijizime yenyewe bila kuniuliza.

Jioni ile taa zikazimika vilevile.

Baba alichukua tochi yake akaenda kulala. Mama akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kesho basi la Tunduma lipo." Nikamjibu kwamba najua lipo. Sikufunga begi.

Kesho yake, adhuhuri, jua likiwa linachoma utosi, inveta ikaanza kupiga kelele kwamba betri imeishiwa. Mashine ilikuwa inakula kumi na mbili, namba iko mbele ya macho yangu. Nikajiuliza swali ambalo wote tulikuwa hatujajiuliza. Mashine hii ilikuwepo tangu masika, mawingu yametanda, ikila bila mkanda wowote, na redio ilikuwa inasoma habari mpaka mwisho. Itakuwaje giza lije kiangazi? Kama ninachotoa nimekipunguza na betri bado ina njaa, basi tatizo ni kinachoingia. Nikatoka nikazunguka nyuma ya jiko.

Mama mkwe alikuwa amesimama juu ya kinu kilichopinduliwa, anaanika majani ya kunde yaliyochemshwa. Anayaanika juu ya paneli. Ameyatandaza vizuri, ukingo hadi ukingo, hakuacha hata upenyo.

"Hapa panakausha upesi, mwanangu," akasema kwa furaha. "Kuku hawafiki, mchanga hakuna, na kioo kina moto wake."

Kikulacho ki nguoni mwako, na hicho chetu nilikuwa nakila kila jioni kwa karanga, nikiomba niongezewe. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. "Mama, hicho kioo ndicho kinachokula jua," nikamwambia. "Ukikifunika, kinashinda njaa, na betri inashinda njaa."

Tukayaondoa majani pamoja. Kabla ya alasiri inveta ilikuwa imenyamaza. Mama alishuka, akakikalia kinu, akajifuta mikono kwenye kitenge muda mrefu.

"Usimwambie baba," akasema.

Ningemwambiaje? Mdomo pekee unaofika kwa baba ulikuwa wa kwake.

Jioni taa ziliwaka, na redio ikasoma habari zote, michezo na hali ya hewa. Baba alifurahi. "Mwambie mkwe ni vizuri," akasema. "Ameelewa, ametii."

Hapo ndipo paliponichoma kuliko amri yenyewe. Sikuwa nimetii. Nilikuwa nimekataa, na nilitaka ijulikane kwamba nimekataa. Nikasema nikiwa pale pale kwenye magoti yangu, "Mama, mwambie baba mashine ipo ndani, leo imefanya kazi ikila wati kumi na mbili tu, na kesho itafanya. Na mwambie kosa halikuwa la mashine."

Zaidi ya hapo sikusema. Mama alimgeukia mumewe. Nikajua atasema kwamba nimeshukuru.

"Anasema mashine haitoki," mama akasema. "Na jua nilikuwa nalifunika mimi, mzee. Nilikuwa naanika mboga juu ya kile kioo."

Baba aliipunguza redio sauti. Alikaa akiitazama, akaigeuza mgongo, akaigeuza tena. Kisha akanyanyua uso, si kwa mama, kwangu.

"Mkwe," akasema. "Na hii redio inakula ngapi?"

Mama akafungua mdomo ili anipokezee swali. Nikamwahi.

"Nipatie niiangalie, baba," nikasema, nikasimama kuipokea.