Meno Matatu kwa Bei ya Mawili

Harufu ya karafuu bado hunifanya nishike shavu la kushoto. Mwishoni mwa miaka ya tisini, nyumba yetu ya kupanga mjini Gisenyi ilinuka sambaza, visamaki vya Ziwa Kivu ambavyo mama alivinunua bandarini Rubona, akavianika juu ya mabati, kisha akavivusha mpaka kwenda kuviuza Goma, upande wa Kongo. Lakini msimu mmoja wa mvua, nikiwa na miaka kumi, karafuu iliishinda sambaza. Kila jioni mama alitafuna punje mbili tatu na kunipachika uji wake kwenye gego la chini lililotoboka, na kila asubuhi gego liliamka kabla yangu. Ushauri ulikuwa bure, ndiyo maana ulikuwa mwingi. Jirani mmoja alisema lina mdudu, lisukutuliwe kwa maji ya chumvi. Mwingine alisema jino la mtoto si la kuhangaikia, kwa sababu lingine liko njiani. Shangazi Yosefa, dada yake baba, mkulima wa Nyakiriba, akasema lile la njiani lilishafika, ndilo hili. Mimi niliyekuwa na jino sikujua nimwamini nani.

Mama alikwenda kuulizia bei kwa daktari wa meno aliyekuwa na chumba nyuma ya soko moja la Goma. Akarudi amechanganyikiwa kuliko alivyokwenda. Bei zote duniani alizigeuza kuwa mabakuli ya sambaza ili azielewe: kung'oa ni mabakuli manne, kuziba ni kumi, na kuangalia tu, bila kugusa kitu, ni bakuli moja. Hilo la kuangalia ndilo lililomnyima raha. Sokoni mtu hugeuza nyanya zako zote, akaenda zake, na hakuna anayemdai. Na inakuwaje kuondoa kitu kizima kuwe rahisi, halafu kukiacha mahali pake kuwe ghali? Alipiga hesabu mara mbili kwa vidole, na mara zote mbili jibu lilikuwa kung'oa.

Sasa, wanawake wa mpakani hawakununua kitu peke yao. Sabuni, chumvi, vitenge, walijiunga watatu wanne, wakapata bei ya jumla. Mama hakuona kwa nini meno yawe tofauti. Akamtafuta Mama Zawadi, muuza vitenge wa jirani, ambaye gego lake lilikuwa limeoza tangu enzi za Zaire. Akamwita na shangazi Yosefa, ambaye jino lake la mbele lilikuwa likicheza. Tukavuka mpaka asubuhi, vinywa vitatu na mpatanishi mmoja wa bei.

Daktari, mtu mnene mwenye koti jeupe lililombana, alimsikiliza mama hadi mwisho.

"Mama, hapa si depo ya sabuni," akasema.

"Mi najua. Lakini benchi yako iko na watu ngapi leo? Ni sisi tu. Meno tatu, tunalipa ya mbili. Na kuangalia, bon, kuangalia unatuachia."

Alicheka mpaka koti likalia, akakubali. Wakubwa walitangulia ili nipate moyo. Nilichopata si moyo. Mama Zawadi alitoka akiwa amefura upande mmoja, shangazi akatoka na pamba, akiniambia haiumi, machozi yakimtiririka. Kisha nikakaa mimi. Daktari akagonga, akachungulia, akaweka koleo chini.

"Hii sitoi," akamwambia mama. "Ni jino ya ukubwa. Nikitoa, hakuna ingine itakuja. Hii inazibwa."

Bila jino langu hayakuwapo meno matatu, na ya wenzangu yalikuwa tayari yamelala kwenye sahani, hayarudishiki.

"Toa tu ya mutoto, twende," Mama Zawadi akasema kupitia pamba. "Bei ilikuwa ya tatu."

"Yewe, mwache mutoto," shangazi akasema. "Ataolewa na pengo?"

"We wataona pengo yako kwanza, iko mbele," Mama Zawadi akamjibu.

Mama hakucheka. Aliuliza jino lililozibwa hukaa miaka mingapi. Daktari akasema inategemea. Aliuliza kama litauma tena. Inategemea. Kwa mtu aliyeuza kwa bakuli maisha yake yote, hilo halikuwa jibu. Daktari akajaribu methali: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

"Mi ni mpangaji, Dokta," mama akasema. "Ukuta ni ya mwenye nyumba."

Lakini alikuwa akiniangalia mimi, mdomo wangu ungali wazi, na mkono wake ulikuwa umeshafungua fundo la kitenge. Alilipa pengo lililobaki kwenye bei ya meno ya wenzake, kisha nusu ya kuziba. Ndiyo iliyokuwa fedha ya sambaza za kesho yake. Daktari akatia dawa ya muda, akasema turudi baada ya wiki mbili tukiwa na ile nusu ya bei iliyobaki, azibe kwelikweli.

Kesho yake mama hakwenda Rubona, hakuwa na mtaji. Wiki mbili zilipofika alikuwa ameanza kuinuka, na jino lilikuwa kimya. Aliligonga kwa kijiko. Kimya. "Kitu hakiumi, unalipia nini?" akauliza, na hatukurudi. Nilitafunia nusu bei kwa miaka miwili, mpaka siku lilipovunjika ndani ya hindi la kuchoma, na muuguzi wa Gisenyi akaling'oa mabaki. Mama hadi leo husema alifaidi miaka miwili. Mimi nikihesabu napata kwamba alilipa nusu ya kuziba, akalipa na kung'oa, nami nikabaki bila jino. Nikirudia hesabu naona anachosema. Sijui ipi ni sahihi.

Mwaka huu gego la binti yangu limetoboka. Siku hizi hatuvuki mpaka. Hapa kwetu wilayani Rubavu kuna kliniki yenye viti vya kulala na kadi ya bima inayolipa sehemu, ingawa sehemu gani hakuna anayeweza kukueleza ukaelewa. Daktari ni msichana mdogo. Nilimuuliza litakaa miaka mingapi, akasema inategemea. Ziara ni mbili, akaongeza, leo dawa, wiki ijayo kuziba. Nikalipa ziara zote mbili hapo hapo dirishani, bila kuomba hata kupunguziwa. Nilipompigia mama kumweleza, aliuliza kama nina homa.

Njiani binti yangu alitaka kujua kama jino lililotiwa dawa bado ni lake au limekuwa la daktari. Nikamwambia litakuwa lake wiki ijayo, likishazibwa. Mpaka siku hiyo ni langu.