Safari Yangu ya Jamaika Iliyoishia Makambako

Sijui kama yuko mtu mwingine katika Njombe nzima aliyewahi kuagwa kwa kwaya, kwa sala na kwa mbuzi wawili, akapungiwa mikono mpaka basi likapotea, kisha akakutwa Makambako anamenya viazi. Kama yupo nionyesheni nikamsalimie, maana mpaka leo naona niko peke yangu, na watoto wa hapa Mjimwema waliozaliwa juzi wananiita Mzee Jamaika wakidhani ndilo jina nililobatizwa. Mimi ni Yoeli. Nawahadithia mwenyewe kwa sababu nimechoka kusikia wengine wakihadithia na kuongeza chumvi (eti nilijificha ndani ya gunia, jambo ambalo si kweli, nilijificha nyuma ya gunia).

Ilikuwa wakati wa Waingereza, na mimi nilikuwa mnyapara wa kitalu cha miwati, ile miti ya magome ya kutengenezea ngozi ambayo Wazungu waliipanda huku kwetu mlima hata mlima. Mbegu ya muwati ni ngumu, usipoimwagia maji yanayochemka ukaiacha mpaka ivimbe hutaiona imeota, na ukizidisha moto umeipika, kwa hiyo kazi yenyewe inataka mtu mwenye subira, na kwa subira ya mbegu sikuwa na mpinzani. Meneja wetu, ambaye tulimwita Bwana Kofia kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona nywele zake, alipata uhamisho kwenda kisiwa kinachoitwa Jamaika, huko nyuma ya Ulaya, kupanda miti kwenye vilima vilivyoliwa na mvua. Asubuhi moja akanikuta nimechuchumaa kwenye matuta akasema, kwa Kiswahili chake kile, "Yoeli, wewe kuja na mimi. Miaka mitatu. Mshahara mzuri sana. Mimi natangulia Dar es Salaam. Kama taka, fuata mimi kabla meli kuondoka. Kama hapana taka, kaa, mimi hapana kasirika."

Mnaona jinsi mambo yalivyokuwa mepesi. Ndiyo au hapana, na lolote kati ya hayo mawili lisingemuumiza mtu.

Jioni nikamweleza mke wangu Rabeka, ambaye alikuwa ananyonyesha mtoto wetu wa kwanza, Neema, aliyekuwa hata kukaa bado hajui. Nilitaka kwenda, sitaki kuwadanganya, kijana gani asingetaka, lakini kila nikimtazama yule mtoto naona miaka mitatu ni kwamba atatembea, ataongea, na siku nikirudi atanikimbia akidhani ni mgeni. Rabeka akaniuliza, "Wewe unaonaje?" Nikamwambia, "Wewe ndiye unaonaje?" Akasema, "Kazi ni yako." Nikasema, "Mtoto ni wetu." Ugali ukapoa. Nilikuwa nangoja neno moja tu, usiende, na ningeshukuru na kulala usingizi wangu, lakini Rabeka akafunika chungu akaenda kulala.

Basi Jumapili, wakati wa kutoka kanisani, Mwinjilisti Elia akanishika mkono mlangoni mbele ya watu. Huyu mzee ndiye aliyenifundisha kusoma, ndiye aliyetufungisha ndoa, na kwetu kijana hamwambii mzee wa namna hiyo "bado sijaamua", ataonekana anaringa. Akasema, "Yoeli mwanangu, nasikia unavuka bahari." Mimi, badala ya kusema lolote la maana, nikajibu, "Mungu akipenda, baba."

Hapo ndipo nilipojimaliza. Nilisema vile kwa adabu, kama mtu anavyosema akiulizwa kama mvua itanyesha, lakini Mwinjilisti alilichukua jibu langu moja kwa moja mpaka kwa wazee wa kanisa, na Jumapili iliyofuata akatangaza kutoka madhabahuni kwamba ndugu yetu wa sauti ya besi ameitwa ng'ambo, na kwamba kwaya itamuaga. Watu wote wakageuka kunitazama, nami nikatabasamu (ningefanya nini), na tabasamu lile likahesabiwa kuwa ndiyo ya pili.

Kuanzia siku hiyo nyumba yangu haikupoa. Sasa, sisi watu wa Njombe tunajua jambo moja kuhusu Wazungu, kwamba wanapenda baridi, ndiyo maana walipanda mlima wakaja kukaa na sisi, kwa hiyo kisiwa ambacho ni mali yao kabisa lazima kiwe na baridi kuliko hata Iwawa kule juu milimani. Bwana Kofia aliwahi kunieleza kwamba Jamaika kuna joto kama la Dar es Salaam, lakini nilimwona anasema hivyo ili nisiogope. Mama mkwe akafuma sweta zito ambalo ukilivaa mikono haishuki. Majirani wakaleta blanketi. Mjomba Nikodemu, aliyepigana vita ya Burma, akanipa koti lake la jeshi, refu mpaka kwenye vifundo, akisema, "Mjomba, nchi zote za ng'ambo ni baridi, mimi nililala juu ya meli nikaona mwenyewe." Shangazi Tabita akateremka kutoka Iwawa na gunia la viazi, kwa kuwa alisikia kule wanakula ndizi, na ndizi si chakula cha mtu anayefanya kazi. Nikapokea vyote. Kila nilichopokea kilikuwa kamba nyingine shingoni, na nilijua, lakini mkono unajinyoosha wenyewe mtu akikupa kitu kwa mikono miwili.

Siku ya kuondoka mbuzi wakaliwa, kwaya ikaimba, wanawake wakalia, Mwinjilisti akaniwekea mikono kichwani. Rabeka alinifungia chakula cha njiani, akanirekebisha kola ya koti, hakusema kitu. Nami sikusema kitu. Basi likaondoka, na mimi ndani yake nimevaa sweta na koti, natoka jasho na machozi pamoja, abiria wa pembeni akaniuliza kama naumwa.

Makambako ndipo pa kubadilisha gari, kwa sababu hapo ndipo njia yetu inapokutana na ile ya Mbeya na Iringa. Siku hizo palikuwa nyumba chache na upepo. Basi la Iringa likaja limejaa, utingo akalitazama gunia langu la viazi akasema, "Wewe panda, gunia libaki, au mngoje la kesho wote wawili." Mtu mwenye akili anaacha viazi. Mimi nikakaa na viazi, na nawaambia ukweli, lile basi lilipoondoka nilisikia raha ambayo sikuwa nimeisikia tangu Bwana Kofia aje kitaluni.

La kesho likaja lina nafasi tele. Nikajiambia hili linaonekana bovu. La kesho kutwa nikajiambia nimalize kwanza kuvipatia hivi viazi mtu wa kuvitumia, maana ni dhambi kutupa chakula, na hapo nilikuwa nimeshahamia kwenye hoteli ya Mama Zuhura, mjane mmoja mwenyeji wa Tabora aliyewauzia wasafiri chai na viazi vya kukaanga. Akanunua kwangu nusu ya gunia kwa malazi na chakula, nusu nyingine tukaimenya pamoja. Nilipomweleza kwamba niko safarini kwenda Jamaika alinitazama na kisu changu na ndoo ya maganda, akasema, "Haya baba, meli ikifika hapa mlangoni nitakuamsha." Kuendelea mbele siwezi, kurudi nyuma siwezi, kwani utarudije kwa watu waliokula mbuzi kwa ajili ya kwenda kwako? Kila usiku nilimfikiria Neema. Kila mchana nilimenya. Meli ikaondoka huko Dar es Salaam, nikajua kwa kuhesabu tu, na hata hapo sikujua nifanye nini.

Sasa sikieni. Jumamosi moja nasikia lori linasimama nje, na kabla halijazimwa injini nasikia wimbo, na wimbo ule naujua. Ilikuwa kwaya yetu. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kulikuwa na kusanyiko la kwaya kwenye misheni moja mbele ya Makambako, na kwamba mimi mwenyewe nilikuwa kwenye mazoezi ya hizo nyimbo. Wakashuka wote, wamefunikwa vumbi, wakaingia kwa Mama Zuhura kunywa chai, na mlango wa kutokea ulikuwa ule ule wa kuingilia. Nikaruka nyuma ya gunia lililoning'inizwa kama pazia la jikoni, nikavaa koti la mjomba, nikasimamisha kola, nikajizungushia taulo mpaka puani.

Mama Zuhura akaniita, "Baba, leta birika." Nikavuta taulo juu zaidi. Akaita tena kwa sauti ya mtu anayejua kwamba upo. Nikatoka. Nilipita katikati ya watu niliowajua tangu utoto, nimeinama kama mzee wa miaka mia, namimina chai, na mmoja wa sauti ya tenori akaniambia pole baba kwa homa. Rabeka, ambaye naye ni mwanakwaya, alikuwa amekaa pembeni, Neema mgongoni, na huko sikupeleka birika kabisa.

Ningeponea, kwani watu wenye kiu hawatazami nyuso, lakini Mwinjilisti Elia akasimama kuombea chai. Na mzee huyu hajui sala fupi. Akashukuru kwa safari, akamwombea dereva, akaombea matairi, kisha akashusha sauti akasema, "Na tunamkumbuka mtumishi wako Yoeli, ambaye saa hii yuko juu ya maji makuu, mbali na mke wake na mtoto wake. Umtulizie mawimbi, ee Bwana. Umpe joto katika nchi ile ya baridi." Mimi nimesimama mbele yake na birika, jasho linanidondoka kwenye koti. Akamaliza, kwaya ikaitikia amina.

Hapo inabidi mjue kwamba katika kwaya yetu amina haisemwi, inaimbwa, na sisi wa besi tulifundishwa kuishikilia chini, wengine wakishanyamaza, mpaka mwalimu ateremshe mkono. Tangu nikiwa kijana mdogo sijawahi kufanya vinginevyo. Nikaitikia. Wengine wakanyamaza, mimi nikaishikilia, nimefumba macho, peke yangu, nangoja mkono wa mwalimu ambao haukuwepo.

Nilipofumbua macho hapakuwa na aliyenyanyua kikombe. Mama mmoja wa alto akasema taratibu, "Hiyo ni besi ya Yoeli." Mwingine akaanza kulia kwamba basi nimekufa maji na sauti yangu imekuja kuaga, wenzake wakampokea kilio, wapita njia wakaanza kujaa mlangoni, na Mwinjilisti akanisogelea na kitabu cha nyimbo kifuani, akasema, "Kwa jina la Yesu, wewe ni nani?"

Nikafungua taulo. Nikasema, "Ni mimi, baba. Kamwene."

"Kamwene," akaijibu salamu kwa mazoea, kisha akanitazama tangu juu mpaka chini. "Meli imekwama wapi, mwanangu?"

"Meli gani tena?" Mama Zuhura akadakia. "Huyu ananimenyea viazi siku zote hizi."

Kile kicheko, ndugu zangu, sitakielezea. Waliokuwa wanalia ndio waliocheka zaidi, dereva alikalia ndoo ya maganda, na wapita njia ambao hata hawanijui walihadithiwa hapo hapo wakacheka na wao. Aliyekuwa hacheki ni mmoja. Rabeka aliinuka, akaja mpaka mbele yangu, kicheko kikaanza kupungua chenyewe.

"Ulikuwa unangoja nini hapa?" akauliza.

Nilikuwa na majibu mengi ya viazi na mabasi mabovu. Yakaniishia. Nikasema, "Nilikuwa nangoja uniambie nisiende."

"Na mimi nilikuwa nangoja ukatae bila kuambiwa. Kila siku naomba Mungu usizame, Yoeli. Kila siku. Na wewe uko hapa, pa kufika kwa basi moja."

Hilo liliniuma kuliko kicheko chote. Akamfungua Neema mgongoni, akaniwekea mikononi, akarudi kukaa akanywa chai yake. Neema akanishika pua.

Walinichukua kwenye lori, na kusanyikoni nikaimba, kwa sababu besi yao ilikuwa imelegea na Mwinjilisti alisema aibu ya mtu mmoja isiwe aibu ya usharika. Tuliporudi akanipa kazi: nipite nyumba kwa nyumba, kwa kila aliyeniaga, niseme kwa kinywa changu, "Sikwenda." Nilipita. Mjomba Nikodemu alisema bora, ng'ambo hakuna kitu. Shangazi Tabita aliuliza habari za gunia. Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nikae nile, na tulipomaliza kula akasema hajawahi kumpenda mtu kama alivyonipenda siku hiyo, wala kumwona mpumbavu hivyo. Kitaluni nilirudia kazi yangu chini ya meneja mpya, na Bwana Kofia sikumsikia tena.

Rabeka hakuongea nami njia nzima ya kurudi, wala kesho yake. Siku niliyomaliza zile nyumba zote, nikafika kwangu miguu imevimba, nikamkuta amesimama mlangoni. Akanipisha nipite, akasema, "Siku nyingine ukiamua kubaki, bakia nyumbani."

Nikamjibu ndiyo, hapo hapo, bila kumtaja Mungu wala mvua, na tangu siku hiyo mtu akiniuliza swali la ndiyo au hapana nampa mojawapo kabla hajafunga mdomo, hata kama nitakosea.